Nitaendaje, Utaendaje: Ndoto ya Kuondoka Gujarat Kabla na Baada ya Viza

Kigujarati kina umbo moja la kitenzi linalompa taabu mfasiri wa Kiswahili. Neno jaish, katika mazungumzo ya kila siku, laweza kuwa "nitaenda" na laweza kuwa "utaenda". Msikilizaji hutambua msafiri ni nani kwa kuangalia nani anasema na nani. Kiswahili hakina uhuru huo, lazima uchague ni- au u-. Kwa hiyo filamu ya Kevi Rite Jaish, iliyoongozwa na Abhishek Jain na kutoka Juni 2012, ikija kwetu ingehitaji majina mawili: Nitaendaje na Utaendaje. Na hayo mawili ndiyo kisa chenyewe. Yuko kijana wa Ahmedabad, Harish Patel, aliyeigizwa na Divyang Thakkar, anayetakiwa aende Marekani. Yuko baba, Bachubhai, aliyeigizwa na Kenneth Desai, ambaye ndoto hiyo ilikuwa yake kabla haijamwangukia mwanawe. Mmoja anajiuliza, mwingine anamuuliza mwenzake, na katikati yao kuna viza, mawakala na hila zao, na nyumba nzima iliyoweka maisha yake rehani kwa ajili ya muhuri mmoja.

Ni rahisi kuitazama filamu hii kama kejeli juu ya ulevi wa siku hizi: watu waliopumbazwa na dola, wanaoidharau ardhi iliyowalea. Mtazamaji akifika hapo hucheka, akainuka, akaenda zake. Mimi nadai kwamba kejeli hiyo ina mizizi mirefu zaidi, na kwamba anayeifuata atapita Mandvi, Unguja, Mombasa na Kampala kabla hajafika New Jersey. Kuondoka ni kazi ya zamani ya Wagujarati, ina mafundi wake, wanagenzi wake na kanuni zake, kama uvuvi au uashi. Kwa karne nyingi hakuna aliyeiona kuwa ni kituko. Ilianza kuchekesha pale serikali zilipoweka dirisha na karani kati ya msafiri na safari yake, na hasa pale karani huyo alipopewa sheria ya kumtilia shaka kila anayesimama mbele yake. Kichekesho kimo ndani ya karatasi. Ndoto yenyewe ina umri mkubwa kuliko karatasi zote.

Lakini tuanze na mahali pa filamu katika sanaa ya kwao. Sinema ya Kigujarati ilianza kutoa sauti mwaka 1932 kwa Narsinh Mehta, kisa cha mshairi mcha Mungu, na kwa miongo mingi ikabaki na watakatifu, mashujaa wa vijijini, vilemba vyekundu na ngoma. Watu wa mijini waliiacha taratibu, wakakimbilia sinema za Kihindi zilizotengenezwa Bombay. Kevi Rite Jaish iliwarudisha vijana wa mjini kwa sababu iliwaonyesha sebule zao wenyewe na Kigujarati wanachokizungumza barazani. Hata hivyo Jain hakuvumbua kejeli. Gujarat ina bhavai, mchezo wa uwanjani ambao hujenga vituko juu ya mfanyabiashara, sonara, mtawala na mlevi, na mapokeo humtaja Asait Thakar wa karne ya 14 kuwa ndiye mwasisi wake. Inasimuliwa kwamba Asait, Mbrahmin, alikula chakula pamoja na binti wa Patel mmoja ili kumshawishi mtawala aliyemteka kuwa ni mtoto wake. Binti akaachiwa, naye akatengwa na Wabrahmin wenzake kwa kula na mtu wa tabaka la chini, akabaki kuishi kwa kutunga michezo. Mwaka 1980 Ketan Mehta aliipeleka bhavai kwenye filamu kwa Bhavni Bhavai. Kwa hiyo Patel na kejeli wamejuana tangu zamani, na familia ya Bachubhai inaingia uwanjani palipokwisha kufagiliwa.

Sasa twende kwenye safari zenyewe. Mreno Tomé Pires, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliielezea Cambay, bandari kuu ya Gujarat wakati huo, kama mtu aliyenyoosha mikono miwili, mmoja ukigusa Aden na mwingine Malacca. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikuta vyombo vya Wahindi vimetangulia. Wareno, kwa hamu ya kupata wenzao, wakadhani mabaharia wale ni Wakristo. Wagujarati wenyewe wana methali juu ya Java: aendaye huko harudi, na akirudi huja na mali ya kuwalisha hata wajukuu. Methali hiyo ni ya zamani, na ndani yake imo karibu filamu nzima: hatari, matumaini, na wale waliobaki nyumbani wakihesabu.

Katika karne ya 19 mkono wa magharibi ulielekea kwetu. Kotia, yaani majahazi ya bandari za Mandvi na Porbandar, zilikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, zikauza nguo, zikapakia pembe, karafuu na ngozi, zikangoja kusi ili zirudi. Kijana wa Kutch aliyejiuliza "nitaendaje?" alijibiwa na vitu viwili, upepo na jamaa. Upepo ulikuwa na majira yake yanayojulikana. Jamaa alikuwa mjomba au mtu wa ukoo mwenye duka Unguja, Lamu au Bagamoyo, aliyemwandikia baba yake barua kwamba anahitaji msaidizi. Kijana alifika, akalala juu ya marobota dukani, akajifunza Kiswahili kwa wateja na hesabu kwa tajiri wake. Miaka ilipopita alipewa bidhaa kwa mkopo, akafungua kibanda bara, kisha akamwandikia mdogo wake barua ileile aliyoandikiwa yeye. Allidina Visram alifika kutoka Kutch mwaka 1863 akiwa bado mvulana, akaanzia Bagamoyo. Alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yamesambaa hadi Uganda. Nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Mandvi, ndiyo iliyokodi forodha ya Unguja kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1835 na 1886. Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wao. Hakuna katika hao aliyeulizwa nia yake ya kusafiri wala tarehe atakayorudi. Ushahidi wa jinsi mfumo huo ulivyozama kwetu umo vinywani mwetu: tunasema hundi na laki kama wao, na neno bepari, tulilolitumia kwa hasira miaka ya Azimio la Arusha, ni vepari wa Kigujarati, mfanyabiashara tu, asiye na sifa wala lawama.

Msomaji anayeijua India atanikatiza hapa. Atasema: mbona kuvuka bahari kulikuwa mwiko kwa Wahindu? Vipi basi iwe kazi ya asili? Na ana ushahidi mzuri. Mwaka 1888 Mohandas Gandhi alipotaka kwenda London kusoma sheria, wazee wa tabaka lake waliokaa Bombay walimwita, wakamkataza, na alipokaidi wakamtenga. Yeyote ambaye angemsaidia au kumsindikiza bandarini angetozwa rupia 1 na ana 4. Sipingi mwiko huo. Ila tuutazame ulivyofanya kazi. Gandhi alitengwa kwa kwenda Ulaya, ambako wazee waliamini hawezi kuishi bila kuvunja dini yake. Miaka 5 baadaye alikwenda Afrika Kusini kwa mwaliko wa Dada Abdulla, kampuni ya Waislamu wenye asili ya Porbandar, na safari hiyo haikumletea kesi kama ile ya kwanza. Wabhatia walifika Unguja bila wake zao, wakajipikia wenyewe, wakarudi nyumbani kuoa na kujitakasa, wakaja tena. Makhoja na Mabohora, wasiobanwa na mwiko, walikuja na familia wakajenga jamatkhana na misikiti. Mwiko haukuzuia kuondoka. Uliamua nani aende na nani, na kwa muda gani. Na hata faini ile ya rupia na ana ina funzo: tabaka halikumshika Gandhi mlangoni. Lilimtoza aliyekwenda kumuaga. Ni lango la ajabu linalomwacha msafiri apite likamdai pesa msindikizaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lastahili muda. Watu wa kotia walikuwa Wabhatia, Makhoja, Mabohora na Walohana, wengi wao kutoka Kutch na Kathiawar. Familia ya Bachubhai ni Patel. Wapatel walio wengi katika hadithi hii, yaani Wapatidar wa Charotar, ni wakulima wa bara, watu wa tumbaku na udongo mzuri wa wilaya ya Kheda. Ukisema ndoto yao inatoka kwenye jahazi la Mandvi utakuwa umewavisha kanzu ya jirani. Ni kweli, Wapatel walichelewa. Njaa iliyowatoa wengi ina jina lake mpaka leo, Chhapaniyo, "ya hamsini na sita", kwa kuwa iliangukia mwaka 1956 wa kalenda ya Samvat, ndiyo 1899 na 1900 kwa kalenda yetu. Mvua haikuja, ng'ombe wakafa, na Kheda, iliyozoea kushiba, ikazika watu. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakitandaza reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Hapa inafaa kuondoa kosa linalorudiwa sana, kwamba maduka ya Wahindi wa Kenya yalianzishwa na makuli wa reli. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliokuja kuijenga kati ya 1896 na 1901 wengi wao walitoka Punjab. Takriban 2,500 walikufa, na wengi wa waliosalia walirudi kwao. Mpatel hakuja na koleo. Alikuja na kalamu. Reli na serikali vilihitaji watu wa kuandika hati za mizigo, kukata tiketi na kuhesabu mapato, na Charotar ilikuwa na vijana waliosoma shule wasiokuwa na shamba la kutosha kurithi. Walianza kama makarani na wakuu wa stesheni, mshahara ukazaa duka, na Uganda duka likazaa kiwanda cha kuchambulia pamba. Njia waliyopita ni ileile ya mjomba na barua. Walichoongeza ni kwamba wao, kuliko waliowatangulia, waliishi kwa karatasi tangu siku ya kwanza.

Na nyumbani kila safari ilikuwa na bei yake sokoni, nasema soko la ndoa. Charotar ina vijiji sita vinavyojihesabu kuwa juu ya vingine, Karamsad, Nadiad, Vaso, Sojitra, Dharmaj na Bhadran, na kila Mpatidar wa kijiji cha chini alitamani kumwoza binti yake huko. Mahari ya kwao hutoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi, na bwana harusi aliyeko Afrika alipanda thamani. David Pocock, mwanaanthropolojia aliyewachunguza Wapatidar Afrika Mashariki na pia Kheda, alionyesha jinsi sehemu hizo mbili zilivyokuwa jamii moja iliyotenganishwa na maji: pesa ya Afrika ilipimwa kwa heshima ya kijijini. Ndiyo maana naona Bachubhai anaeleweka vibaya anapochukuliwa kuwa ni mtu aliyeota utajiri tu. Katika jamii ambamo kuondoka kulipandisha cheo cha ukoo kwa vizazi vitatu, aliyebaki amebaki nyuma katika kila kitu. Hata mtu mkubwa kuliko wote waliotoka Karamsad ana kisa chake cha nyaraka. Vallabhbhai Patel, atakayekuja kuwa Sardar na naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru, alijiwekea akiba na kuomba nyaraka za kwenda Uingereza kusoma sheria. Zilifika zikiwa na jina V. J. Patel, zikaangukia mikononi mwa kaka yake Vithalbhai, ambaye herufi zake ni zilezile. Kaka akasema haifai mkubwa aende baada ya mdogo. Vallabhbhai akamwachia, naye Vithalbhai akasafiri mwaka 1905. Mdogo alingoja hadi 1910. Kama mwandishi wa filamu angebuni tukio hilo wangemwambia amepita kiasi.

Hebu tuone sasa jinsi milango ilivyofungwa, maana huku ndiko kejeli ilikozaliwa. Enzi ya mkoloni Mhindi aliyetoka Bombay kwenda Mombasa alihama ndani ya himaya moja. Vizuizi vya kweli vilianza Kenya mwaka 1944 kwa amri za wakati wa vita, na mwaka 1948 vikawa sheria ya kudumu. Sensa ya Kenya ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613. Baada ya uhuru waliambiwa wachague uraia ndani ya miaka miwili. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini kwamba pasipoti ni ahadi. Mwaka 1967 Kenya ikatunga sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Walipoanza kupanda ndege kwenda London, bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya kwa siku tatu tu, na tangu Machi 1968 mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye mzazi au babu yake hakuzaliwa huko akalazimika kungoja hati ya kuingia. Mwanzoni zilitengwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Fikiria maana yake. Kitabu kile kile, chenye nembo ile ile ya simba na farasi wa pembe moja, kilimfungulia mmoja na kumfungia mwenzake, kwa kuangalia babu alizaliwa wapi.

Unguja mapinduzi yalikwishapita Januari 1964. Tanzania Bara ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, na wenye nyumba wengi wa Kiasia waliona orofa walizojenga zikibadilisha mwenyewe. Haki ya Mwafrika kudai uchumi wa nchi yake ni mjadala mwingine wenye uzito wake, na si wa kumaliza kwa aya moja. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Takriban watu 28,000 waliishia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, likawasihi Waasia wa Uganda wasije mjini humo kwa kuwa nyumba, shule na huduma za afya zimejaa. Walikuja kwa maelfu. Wapo wanaosema kwa utani kwamba tangazo hilo ndilo lililowafahamisha Leicester iko wapi. Ninachosisitiza ni somo lililobaki. Duka, kiwanda, nyumba ya ghorofa, vyote vilionekana kuwa vyaweza kuachwa nyuma kwa miezi mitatu. Kilichoamua nani alale kambini na nani alale kwa shemeji yake London ni aina ya pasipoti iliyomo mfukoni. Familia zilizotawanyika hivyo zilikuwa na ndugu Nadiad na Ahmedabad, na barua zilizosafiri miaka hiyo hazikuhitaji kuhubiri chochote. Aliyeziona aliweza kujifunza mwenyewe kwamba karatasi inashinda mali.

Marekani iliingia kwenye picha hii ikiwa imechelewa kufungua. Sheria ya 1917 iliwafungia Wahindi nje; ile ya 1946 iliwaruhusu 100 kwa mwaka; ya 1965 ndiyo iliyoufungua mlango, kwanza kwa wahandisi na madaktari, halafu kwa wake, watoto, wazazi na ndugu wa waliokwisha kuwa raia. Hapo utaratibu wa mjomba na barua ukafufuka, sasa ukiwa na namba ya jalada. Hata biashara waliyoishika inafahamika kwa anayelijua duka la Mhindi wa bara. Kanjibhai Desai, kutoka upande wa Surat, alianza kuendesha hoteli ndogo California mapema miaka ya 1940 na kuwahimiza wenzake wafanye hivyo. Moteli ni duka lenye vitanda: familia huishi nyuma ya kaunta, watoto hufanya hesabu za shule huku wakipokea wageni, mke na mume hufua mashuka wenyewe, na mtaji hutoka kwa jamaa bila hati. Baadhi ya waliofukuzwa Uganda waliingia humo humo. Kufikia 1989 wenye hoteli hao wa asili ya Kihindi walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao, AAHOA, na jina Patel ndilo lililotawala orodha.

Ila barua ya mjomba sasa ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Filamu ilipotoka mwaka 2012, raia wa Marekani aliyemwombea ndugu yake aliyeko India alijua atangoja zaidi ya miaka 10, na mtoto wa ndugu huyo akitimiza miaka 21 kabla zamu haijafika aliweza kuachwa nje ya ombi. Njia fupi iliyobaki ni viza ya matembezi au ya masomo, na hapo sheria inasema jambo ambalo Asait Thakar angelipokea kwa furaha. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamhesabu kila mwombaji kuwa ni mhamiaji hadi yeye mwenyewe athibitishe kwamba sivyo. Yaani mtu anayetaka kwenda anapaswa kuthibitisha kwamba hana haja ya kukaa. Alete hati za shamba, picha za harusi, barua za mwajiri, taarifa za benki, vyote vikishuhudia kwamba nyumbani ni kuzuri mno hawezi kukuacha. Ada mwaka huo ilipanda kufika dola 160, isiyorudishwa, na mahojiano yenyewe ni ya dakika chache mbele ya kioo. Kanuni yenyewe imekwisha kuandika mchezo. Imemgeuza mwombaji kuwa mwigizaji, wakala kuwa mwalimu wa maigizo, na ofisa wa ubalozi kuwa mtazamaji asiyecheka. Mchekeshaji alichobaki nacho ni kuweka kamera.

Yupo atakayesema nimezunguka bure, kwamba watu huondoka kwa sababu ya umaskini, basi. Lakini Gujarat ni miongoni mwa majimbo tajiri ya India, na Charotar ni miongoni mwa sehemu zake zilizoshiba. Anand, mji wake, ndiko ulikozaliwa ushirika wa maziwa wa Amul mwaka 1946. Dharmaj ni kijiji chenye matawi ya benki zaidi ya 10, yakitunza amana za wana wake walioko nje, na tangu 2007 kila tarehe 12 Januari wahamiaji hurudi kuadhimisha Siku ya Dharmaj. Maskini kabisa hana ada ya viza ya kupoteza dirishani. Anayeota ni mtu wa kati, mwenye nyumba ya kuweka rehani na jirani wa kujilinganisha naye. Hilo filamu imelishika sawasawa, na ndiyo sababu naiamini kuliko hotuba nyingi za wanasiasa juu ya vijana kukosa kazi.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo silipuuzi: je, ni haki kulicheka jambo linaloua? Tarehe 19 Januari 2022, karibu na Emerson, Manitoba, familia ya Patel kutoka kijiji cha Dingucha, Gujarat, ilikutwa imekufa kwa baridi mita chache upande wa Kanada wa mpaka na Marekani. Baba, mama, binti wa miaka 11 na mtoto wa kiume wa miaka 3. Upepo usiku ule uliifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 35 chini ya sifuri. Sisi tunaojua maana ya kuzamia, tuliosoma habari za vijana waliojificha ndani ya meli za Tanga na Dar es Salaam, hatuwezi kuisikia hiyo kama habari ya mbali. Jibu langu ni kwamba kejeli nzuri huchagua wa kumpiga. Bachubhai hupigwa kidogo, kwa upendo, kama bhavai ilivyompiga mkulima aliyesimama mbele yake. Wanaopigwa sana ni mawakala wanaouza hila na utaratibu unaozifanya hila hizo zinunuliwe. Filamu ya 2012 haikuwazuia watu wa Dingucha kutembea kwenye theluji, na hakuna filamu iliyopewa kazi hiyo. Lakini ilionyesha, miaka 10 kabla, duka ambamo tiketi ya namna ile huuzwa.

Tarehe 5 Februari 2025 ndege ya jeshi la Marekani ilitua Amritsar ikiwa na Wahindi 104 waliorudishwa kwa nguvu. Kati yao 33 walikuwa Wagujarati. Katika mtaa wa Khadia, Ahmedabad, liko hekalu dogo la Hanuman ambako waombaji huja na pasipoti zao mkononi, wakaziweka mbele ya sanamu, wakaomba viza.